Kengele kwenye Meza ya Doña Melba

Wanafunzi hawajui kucheza, na hilo nalisema nikiwa nawapenda. Kuanzia Alhamisi mpaka Jumamosi wanajaa humu La Marea, ukumbi alioniachia baba yangu, wanaruka, wanamwagiana bia, wanaimba kwa kukaza shingo nyimbo zilizorekodiwa kabla mama zao hawajavunja ungo. Anayepita njiani atadhani humu ndani kuna dansi la maana. Dansi gani? Ni kurukaruka tu. Dansi lenyewe huja Jumapili saa nane mchana, nikishapiga deki, nikafungua madirisha harufu ya vijana itoke, nikatandika vitambaa mezani na kushusha sauti ya spika mpaka kiasi cha binadamu. Hapo ndipo wazee wa mji wetu huu wa Manizales, milimani Kolombia, huanza kuingia, mashati yamepigwa pasi, nywele zimelazwa kwa maji, na mimi Fabiola nakaa nyuma ya mashine ya santuri nikiwa mtu mwenye kazi ya heshima.

Disko la wazee lina sheria zake. Hazijaandikwa popote na hakuna anayezivunja. Mwanamume hamwinui mwanamke aliye na mtu wake mpaka amwombe huyo mtu. Anasimama mbele ya meza, anainamisha kichwa kidogo kwa mwanamume mwenzake, anasema, "Kwa ruhusa yako, don fulani," maana bwana kwetu ni don na bibi ni doña, ndipo anamnyooshea bibi mkono. Mwanamume akitoka kuvuta sigara huacha kitu chake mezani, kofia au koti, na kitu hicho kinamshikia zamu. Mwanamke, kwa upande wake, hamwinui mwanamume. Anasubiri. Akisubiri mpaka santuri ya mwisho bila kuinuliwa, tunasema amekula bata mzinga, na usidhani hiyo ni karamu.

Doña Melba alikuwa akila bata mzinga kila Jumapili tangu Pasaka.

Lazima nimweleze huyu mama, maana wengine humu mjini bado wanamwogopa. Kwa miaka mingi alikuwa adui wa mlango wangu. Alikuwa na nyumba kubwa ya kupangisha wanafunzi, mlima mmoja juu ya hapa, na aliwalea watoto wa watu kama wake. Ikikaribia mitihani, alikuwa akishuka mwenyewe usiku, rola kichwani, shali begani, anasimama pale mlangoni bila kusema neno mpaka muziki unyamaze wenyewe. Kisha anasema, "Wa uhandisi, mbele. Kesho mna hesabu." Na majitu yenye ndevu yanaacha bia nusu, yanamfuata yameinamisha vichwa. Baba yangu alikuwa akimwita Polisi wa Trafiki.

Halafu yakajengwa maghorofa upande wa uwanja wa mpira, yenye lifti na intaneti ya kasi, na wanafunzi wakahamia huko. Mpangaji wake wa mwisho aliondoka baada ya Krismasi. Jumapili ya Pasaka, nikiwa napanga santuri, nikamwona mlangoni. Nilishtuka, nikadhani bado ana mtoto wa kumtafuta humu. Lakini safari hii hakuwa na rola. Alikuwa amepaka rangi ya mdomo.

"Usinitazame hivyo," akaniambia. "Nimekuja kuona ni kitu gani mlichokuwa mkininyang'anya nacho wanafunzi wangu."

Nikampa meza iliyo karibu na mimi, pembeni ya nguzo, kwa sababu hapo anaonekana na kila mtu. Ilikuwa meza nzuri. Ubaya wake ni kwamba hapo hapo pembeni ndipo anaposimama don Heriberto na kengele yake.

Kengele ninayoisema ni ile ya chuma isiyo na ulimi, ambayo hupigwa kwa kijiti. Kwenye kumbi zetu za salsa haikosekani: kuna watu ambao hawaji kucheza, wanakuja kupiga pamoja na santuri, utadhani kila mmoja ni mwanabendi aliyechelewa studio. Don Heriberto alikuwa bingwa wao. Hakukosea pigo hata moja. Maisha yake yote alikuwa fundi wa meno ya bandia, kwanza kwenye kitivo cha meno, kisha kwake, na nusu ya meno yanayocheka ukumbini mwangu ni kazi ya mikono yake. Tena alikuwa mtu wa Cali. Hapa lazima nitue kidogo. Cali ndiko salsa inakoishi, huko mtoto hucheza kabla ya kutembea, ndivyo tunavyoamini sisi watu wa milimani. Don Heriberto hakuwahi kucheza mbele yetu hata mara moja, na sisi tuliichukulia kuwa ni huruma yake. Hakutaka kutuaibisha.

Basi wakati wa wimbo alisimama pembeni ya nguzo akipiga. Wimbo ukiisha aliiweka kengele kwenye meza ya doña Melba, akanywa maji, wakapeana maneno mawili matatu kuhusu baridi, wimbo unaofuata ukianza akaichukua. Mimi nilikuwa naiona kengele ile kila Jumapili kama ninavyoiona mikono yangu, ndiyo kusema sikuiona. Mwenye nyumba haoni utando wa buibui wake.

Mwezi wa Novemba, doña Melba akaja kaunta kabla watu hawajajaa.

"Fabiola, mwanangu, bado Jumapili hii na mbili zinazofuata, basi."

"Basi nini?"

"Basi. Binti yangu Luz Dary anakuja kunichukua mwisho wa mwezi. Nahamia kwake Bucaramanga. Amenitengenezea chumba, kina choo chake humo humo."

"Bucaramanga kuna joto, utayeyuka. Kule hata kofia ya sufu hawajui ni nini."

"Kule kuna wajukuu. Hapa nina nini? Nyumba iliyojaa vitanda visivyo na watu."

Nikamwambia hapa ana sisi. Nilisema haraka, jinsi mtu anavyosema jambo la adabu. Aliniangalia kama alivyokuwa akiwaangalia wale wa uhandisi.

"Nilijiambia, Melba, kabla hujaenda kufia kwa mwanao, jaribu kwanza kuishi kidogo. Nikaja hapa. Kila Jumapili naoga, natengeneza nywele, navaa viatu vinavyoniua. Hakuna mkono hata mmoja nilionyooshewa. Simlaumu mtu. Nimezeeka, najua. Lakini kuna kuzeeka, na kuna kuonyeshwa kwamba umezeeka."

Maneno hayo yaliniuma mpaka leo nikiyasema yananiuma. Yaliniuma kwa ajili yake, na yaliniuma kwa ajili ya ukumbi wangu. Mwanamke anaingia kwangu akiwa hai, anatoka akiamini amekwisha? Nikakasirika. Na mimi nikikasirika sifikiri, natenda.

Ijumaa nikawashika wanafunzi wawili wa tiba ya mifugo, wateja wangu wa kudumu: Esneider, aliyefundishwa kucheza na bibi yake huko kijijini, na rafiki yake Duván, ambaye hakufundishwa chochote lakini ana sura nzuri.

"Jumapili saa tisa mtakuja humu mmeoga," nikawaambia. "Kuna mama yuko meza ya nguzo. Mtamwinua kwa zamu. Kwa adabu. Mikono iwe mahali pake."

"Mama Fabi, Jumapili tuna hangova," akasema Duván.

"Mje nayo. Nitawapa nusu chupa ya pombe kali, aguardiente safi."

"Na sambusa za mahindi," akasema Esneider.

"Na sambusa."

Wakaja. Na natamani kila mtu angemwona doña Melba siku ile. Esneider alimwinua kwa mwendo wa kizamani, mkono mmoja mgongoni, na yule mama, ambaye miguu yake nilikuwa nimeiona mlangoni kwangu miaka yote imesimama wima kama ya askari, alicheza. Hakuonyesha madoido. Aliingia tu ndani ya muziki na kukaa humo kama mtu aliye jikoni kwake. Nilitaka kuirudia santuri ile ile mara tatu.

Duván ndiye aliyeharibu. Zamu yake ilipofika alimkanyaga, akaomba radhi, na kwa wema wake wote akamwambia, "Ukichoka sema, doña. Fabiola ametuambia tusikuchoshe."

Doña Melba akasimama katikati ya wimbo. Akamshukuru yule kijana, akamrudisha kijana kwenye kiti, badala ya kijana kumrudisha yeye, kisha akanijia.

"Umenikodia watoto."

"Sikuwakodi, doña Melba, niliwaomba tu."

"Umewapa nini?"

Nikaanza kupanga glasi.

"Fabiola."

"Nusu chupa."

"Nusu," akasema. "Hata chupa nzima sikustahili."

Macho yake yalikuwa yamejaa maji na hakutaka niyaone. Akavaa koti. Akasema atarudi Jumapili moja tu, ya kuaga, kwa sababu yeye si mtu wa kuondoka bila kuaga, na akatoka kabla ya sambusa.

Nikaiacha santuri ijizungukie yenyewe, nikaenda moja kwa moja kwenye meza ya wanaume. Pale anakaa don Gildardo, mchezaji bora tuliye naye, mwanamume mwembamba wa miaka sabini na kitu anayebadilisha viatu akifika, pamoja na don Arcesio wa benki na pacha wake.

"Nyie mna mioyo au mna mawe?" nikawauliza. "Yule mama amekaa pale tangu Pasaka. Kuna hata mmoja aliyefikiria kumwinua?"

Wakatazamana.

"Mimi nilifikiria tangu siku ya kwanza," akasema Gildardo. "Lakini Fabiola, nataka kufa kwa ugonjwa wa moyo, sitaki kufa kwa kupigwa kijiti."

"Kijiti gani?"

Gildardo akaelekeza kwa midomo, kama tufanyavyo tusipotaka kunyoosha kidole. Nikageuka. Juu ya meza iliyoachwa na doña Melba, kati ya glasi yake ya maji na kitambaa cha mkono, kulikuwa na kengele.

"Ana mtu wake," akasema Arcesio. "Sote tunajua."

"Si mngemwomba ruhusa, kama mnavyomwomba kila mtu?"

"Nani amwombe mtu wa Cali ruhusa ya kucheza na mwanamke wake?" akasema yule pacha. "Atakubali. Halafu atasimama pale anaitazama miguu yako."

"Tulidhani mama ana magoti mabovu," akaongeza Gildardo, "na mzee anakaa naye bila kucheza, kwa mapenzi. Mke wangu huniambia kila Jumapili, tazama mwanamume yule, jifunze."

Sikujua nicheke au nilie. Nikamtafuta Heriberto kwa macho, lakini alikuwa ameshatoka, na kwa mara ya kwanza alikuwa ameisahau kengele yake.

Jumanne nikampelekea. Karakana yake iko nyuma ya soko, chumba kimoja chenye rafu zilizojaa mataya ya plasta, kila moja na jina la mwenyewe. Alinikaribisha maji ya moto ya sukari guru na kipande cha jibini, akaendelea kusugua meno ya mtu.

"Don Heriberto," nikasema, "unajua maana ya kuacha kitu kwenye meza ya mwanamke?"

Akasugua jino moja mpaka likang'aa, akaingia la pili.

"Najua," akasema.

Sikutegemea jibu hilo. Nilikuwa nimekuja kumwelimisha.

"Mara ya kwanza niliiweka kwa sababu meza ilikuwa karibu," akasema. "Mara ya pili nikamwona Gildardo anakuja, akaiona, akageuka. Mara ya tatu niliiweka nikijua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikisikia anacheka na mimi pembeni, mkono wangu unapiga vizuri zaidi. Unataka nikuelezeje, Fabiola? Nampenda. Sikutaka aondoke pale."

"Basi si umwinue wewe mwenyewe. Wewe mtu wa Cali."

Akaweka chini yale meno.

"Sijui kucheza."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na polepole na mimi nikaacha.

"Mikono yangu inasikia muziki," akasema. "Miguu haisikii. Kaka zangu wote watatu walikuwa wakishindana, dada zangu pia. Mimi, kwenye sherehe ya binamu yangu alipotimiza miaka kumi na tano, nilimwangusha yeye na keki yake. Nilipokuja huku kufanya kazi kitivoni, dansi ya kwanza, mtu akasema jamani pisheni, huyu katoka Cali. Wakapisha. Duara zima, wananisubiri. Palikuwa na kengele juu ya kaunta, nikaikamata. Tangu siku hiyo nakula sifa isiyo yangu."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mbele yangu alikuwa ameketi mfano wake, mwenye nywele nyeupe na vumbi la plasta kwenye nyusi. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia habari ya Bucaramanga.

"Kwa nini anaondoka?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Kwa sababu anaamini hakuna mwanamume hata mmoja mjini anayetaka kumshika mkono. Na wewe ndiye uliyemwaminisha."

Akaanza kuyapanga mataya yake, ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

"Usipomwambia wewe, namwambia mimi," nikasema. "Jumapili ya mwisho wa mwezi anakuja kuaga, Jumamosi yake anaondoka."

"Niachie mimi."

"Nikuachie mpaka lini? Umeachiwa maisha yako yote."

"Niachie, Fabiola," akasema, na mimi, nisiye na subira hata ya kungoja maji yachemke, nikamwachia.

Jumapili ile ukungu ulikuwa umeteremka mpaka kwenye ngazi za mlango. Wazee waliingia wakisugua mikono kwa baridi. Doña Melba akaja na nguo ya safari, ya kijivu, na akaketi ukingoni mwa kiti kama mgeni asiyekusudia kuvua koti. Aliniletea mtungi wa jemu ya guava, maana hata hasira yake ina adabu. Heriberto akaingia mikono mitupu. Ukumbi mzima uliona. Nilikuwa nimempelekea kengele yake hadi kwake, naye alikuwa ameiacha huko kwa kusudi.

Hakuenda kwenye nguzo. Alisimama mbele ya meza, na mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka pale, nikajifanya naifuta santuri.

"Doña Melba, mimi nimekuibia," akasema.

"Umeniibia nini, don Heriberto? Sina kitu."

Akamwambia yote. Hakujificha nyuma ya maneno mazuri. Alieleza desturi ya kitu mezani, ambayo doña Melba, aliyeishi maisha yake akiwatoa watu humu badala ya kuingia, hakuwahi kufundishwa na mtu. Alimweleza jinsi wanaume walivyokuwa wakija na kugeuka, na kwamba yeye aliwaona na akafurahi. Halafu akamwambia kwa nini.

Doña Melba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa cha meza.

"Gildardo alitaka kuniinua?"

"Ndiyo."

"Na nani tena?"

"Don Arcesio. Na pacha wake."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

Akairudisha miwani usoni.

"Na mimi nyumbani kwangu," akasema taratibu, "kila Jumapili jioni nilikuwa nasimama mbele ya kioo natafuta ni nini kimeharibika. Nilitafuta usoni, nikatafuta shingoni. Nilitupa nguo mbili nzuri, Heriberto, nikidhani ni nguo."

Heriberto akasogea hatua moja karibu.

"Ondoka mbele yangu."

Akaondoka. Akaenda kusimama ukutani karibu na milango ya vyoo, mikono inamning'inia, hajui aiweke wapi. Doña Melba akavua koti. Akasimama, akavunja sheria ya ukumbi mbele ya macho yetu sote.

"Gildardo," akaita, "njoo hapa."

Gildardo, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika, alikuja mbio mpaka akasahau kubadilisha viatu. Akacheza naye nyimbo mbili, kisha Arcesio, kisha pacha, kisha wanaume ambao hata sikujua kama bado wanasimama bila fimbo. Mke wa Gildardo alipiga makofi. Niliwawekea santuri zangu bora, zile ambazo wanafunzi siwapi hata waje na barua ya askofu. Na yule mama alizidi kunyooka, mashavu yakamwiva, viatu vinavyomuua akavivua na kuvisukuma chini ya meza. Nilifurahi sana, na kila nikigeuza macho ukutani, furaha ikapungua. Heriberto alikuwa anatazama kila wimbo mpaka mwisho. Hakutoka nje. Angeweza kutoka.

Nikatangaza wimbo wa mwisho. Ndipo akabanduka ukutani.

Alivuka sakafu yote. Mtu akamwona, akanong'ona, mwingine akasema kwa sauti, "Pisheni jamani, Cali inacheza," na wazee wangu wajinga wakapisha. Duara kubwa, likawa tupu katikati, kama lile alilonisimulia. Nilitamani umeme ukatike.

"Kwa ruhusa yako, doña Melba," akasema.

Mwanamke humu haombwi ruhusa. Anaombwa mtu wake. Yeye alimwomba mwenyewe, akainamisha kichwa hasa, akanyoosha mkono. Doña Melba aliuacha mkono ule hewani muda ambao kwangu ulikuwa mrefu. Kisha akaushika.

Nikashusha sindano, na mtu wa Cali akacheza.

Sitamsingizia. Alicheza vibaya kuliko Duván. Alianza kwa mguu usio wake, akaukimbiza wimbo, wimbo ukamkimbia, magoti yakagongana. Alikuwa anahesabu, midomo ikimchezacheza. Kicheko kikaanzia nyuma, na mmoja wa mapacha akasema, "Mama yangu, kumbe hajui." Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, ndivyo tulivyofundishwa. Huyu hakuchutama. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, jasho linamtiririka, na akaendelea.

"Usitazame miguu," nikamsikia doña Melba akimwambia walipopita mbele yangu. "Nitazame mimi, nikukasirikie vizuri."

Akainua uso.

"Jumapili ijayo utakaa wewe," akasema. "Kiti changu kile. Mikono mapajani, hakuna cha kupiga. Mimi nitacheza na kila mtu, na wewe utatazama. Wimbo wa mwisho nitakuinua, na huo mwendo wako wa ng'ombe utakuwa ni adhabu yangu kwa kuwa mpumbavu."

"Sawa," akasema Heriberto, na akamkanyaga.

"Na ile ya baadaye vilevile."

"Sawa. Mpaka lini?"

"Nilikaa tangu Pasaka, si ndiyo? Utakaa mpaka Pasaka."

Wakageuka nusu duara, vibaya. Nikaona uso wa Heriberto jambo lilipomfikia, na likanifikia mimi pia, na nikashika ukingo wa meza.

"Melba," akasema, amesahau kuhesabu, amesahau na heshima ya doña, "si unaondoka Jumamosi?"

"Cheza," akamjibu.

Watu walipokuwa wanavaa makoti, nilimwinamia chini ya meza kumtafutia viatu, kwa sababu nilitaka kumwuliza bila kuonwa uso.

"Na Luz Dary? Na chumba chenye choo ndani?"

"Luz Dary ni mwanangu, nitamwambia ukweli. Atagomba, halafu atanipigia Jumatatu kuuliza kama nimekula." Akaingiza mguu kwenye kiatu na kukunja uso. "Yule mzee amesimama katikati ya watu wote akijua watamcheka, Fabiola, na walipomcheka hakuniachia mkono. Nina miaka sabini na moja na hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alicheza vizuri sana, na akicheza alikuwa anatazama kama watu wanamwona."

Akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni na kuniambia nimrudishie mtungi jemu ikiisha. Nje ukungu ulikuwa mzito. Heriberto alikuwa akimsubiri juu ya ngazi, hajui kama anaruhusiwa kumshika mkono ili wateremke, na yeye akamwacha asubiri kidogo.